MTOTO WA NYOKA: PICHA YA AWARA NA SWALI LA MALEZI KATIKA UJIJI

Methali za Kiswahili hazina baraza la kuzipatanisha. Moja husema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka," na nyingine husema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Ya kwanza huiweka hukumu katika damu, ya pili huiweka katika mikono ya mlezi. Wenye lugha huzitumia zote mbili bila haya, wala si ajabu mtu mmoja kuzitumia katika siku moja: ya kwanza kwa mtoto wa jirani aliyevunja mtungi, ya pili kwa mtoto wake mwenyewe aliyefaulu mtihani. Lakini ugomvi wa methali hizi si mchezo wa maneno. Nyuma yake limesimama swali ambalo kila jamii hulazimika kulijibu: kijana akipotoka, aulizwe yeye, au iulizwe nyumba iliyomtoa?

Katika mwaka wa 1951 swali hilo lilitiwa katika picha ya sinema mjini Bombay. Picha yenyewe iliitwa Awara, neno la Kihindi lenye maana ya mzururaji, mtu asiye na mahali pake. Aliyeiongoza na kuicheza ni Raj Kapoor, aliyekuwa hajatimiza miaka 30, na mmoja wa walioitunga hadithi yake alikuwa Khwaja Ahmad Abbas. Ni picha ya machozi na kicheko pamoja, ya kijana mwasi akuaye katika nyumba iliyovunjika kabla yeye hajazaliwa. Insha hii yaitazama kutoka mahali ambapo haikutungwa wala haikukusudiwa, yaani Kasingirima, mojawapo ya kata za Ujiji, kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Sababu ya kuchagua mahali hapo itajionyesha yenyewe.

Hadithi huanzia mahakamani. Kijana Raj ameshtakiwa kwa kutaka kumwua Jaji Raghunath. Wakili wake ni Rita, msichana aliyelelewa na jaji yule yule. Wakili huyu hamhoji mshtakiwa kwanza. Amhoji mlalamikaji, na swali lake ni la nyumbani: je, aliwahi kuwa na mke, na mke huyo yu wapi? Kutoka hapo mambo yarudi nyuma zaidi ya miaka 20, na msikilizaji aona ni nani hasa aliye kizimbani.

Jaji Raghunath alikuwa mtu wa imani moja iliyonyoka kama rula: mtoto wa mwungwana huwa mwungwana, na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo alimtia gerezani mtu mmoja, Jagga, ambaye hakutenda kosa aliloshtakiwa, lakini baba yake alikuwa mhalifu. Jagga alipotoka gerezani alikuwa amekuwa kweli kile alichoitwa. Akamteka mke wa jaji. Alipotambua kwamba mwanamke yule ana mimba, alimrudisha bila kumdhuru, maana alikuwa amepata kisasi kilicho bora kuliko kisu. Alijua kwamba shaka itamaliza kazi. Nayo ikaimaliza. Minong'ono ikaingia nyumbani, jaji akaisikiliza, na usiku mmoja wa mvua akamtoa mkewe nje. Mtoto akazaliwa njiani, kando ya mtaro wa maji machafu.

Mtoto huyo ndiye Raj. Mama yake alimlea katika vibanda vya maskini, akitumaini kwamba atasoma sheria na kuwa jaji kama baba asiyemjua. Umaskini ukamkosesha shule. Njaa ikamfundisha kuiba mkate, na mkate ukampeleka kifungoni. Jagga alikuwa karibu sikuzote, akimwelekeza hatua kwa hatua, kwa kuwa alitaka siku moja kumwonyesha jaji mwizi aliyetoka katika kiuno cha jaji. Basi jambazi huyu, pasipo kujijua, alikuwa mfuasi wa methali ya pili: alithibitisha kwa vitendo kwamba mtoto hukua alivyolelewa. Na jaji msomi, mwenye joho na vitabu, ndiye aliyebaki na methali ya kwanza.

Ingekuwa hadithi nzito isiyobebeka lau isingechanganywa na uchekeshaji. Raj alipokuwa mtu mzima alijifanya kichekesho cha mjini: suruali imepanda juu ya vifundo, kofia imelala upande, mwendo wa kurukaruka uliochukuliwa kwa Charlie Chaplin. Ampora Rita mkoba wake, kisha ajifanya amemfukuza mwizi na kumpiga, aurudisha mkoba kwa fahari na kupokea shukrani. Siku ya kuzaliwa ya Rita amletea mkufu mzuri, lakini hana kisanduku chake. Punde jaji naye aingia na zawadi yake. Afungua kisanduku, nacho ni kitupu. Mtazamaji acheka, na kicheko kinamkwama kooni, kwa sababu wakati ule ule Rita amejua ni nani aliye mbele yake. Hiyo ndiyo hekima ya picha hii: haimwombei kijana huruma mapema. Kwanza yamfanya apendeke, halafu yauliza kama anastahili kupendwa.

Jambo jingine liliipa picha nguvu ya pekee. Jaji Raghunath alichezwa na Prithviraj Kapoor, ambaye ni baba mzazi wa Raj Kapoor. Raj mdogo alichezwa na Shashi, ndugu yake. Na yule hakimu mzee aketiye kiti cha juu katika mahakama ya kwanza alikuwa Dewan Basheshwarnath, baba yake Prithviraj. Vizazi vitatu vya nyumba moja vilisimama mbele ya kamera vikaigiza nyumba iliyovunjika. Baba alimkana mwanawe mbele ya watu, na watu walijua kuwa ni mwanawe kweli.

Picha hiyo ilisafiri mbali. Ilipoonyeshwa katika Urusi ya Kisovieti mwaka 1954, mamilioni waliitazama. Katika Afrika Mashariki ilipendwa kupita kiasi cha kawaida, hasa Unguja na Dar es Salaam, ikarudishwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Nyumba za sinema zilikuwapo zamani. Unguja ilikuwa na Royal tangu mwaka 1921, iliyoitwa Majestic baadaye, na Dar es Salaam ilikuwa na Empire na Avalon. Wenye nyumba hizo kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa asili ya Bara Hindi, lakini viti vilijaa watu wa kila asili. Mwanahistoria Laura Fair, aliyezungumza na watazamaji wa enzi ile na kutoa kitabu chake Reel Pleasures mwaka 2018, aliwakuta wazee ambao bado waliweza kuisimulia Awara na kuibishania. Wengi wao hawakujua Kihindi. Waliifuata kwa macho, kwa nyimbo, na kwa jirani aliyeokota neno hapa na neno pale. Walichobishania hakikuwa cha Bombay. Ilikuwa haki ya mzazi juu ya mtoto, haki ya mtoto mbele ya mzazi, na kama penzi linaweza kuvuka ukuta wa nasaba.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na maoni yake juu ya vijana na sinema. Bodi za ukaguzi zilikata vipande na kuzuia picha, na nyingine ziliruhusiwa kuonwa na Wazungu na Wahindi zikakatazwa kwa Waafrika, kwa hofu kwamba kijana Mwafrika ataiga wizi na kudharau wakubwa. Tena serikali haikutosheka kukataza. Ilitaka kutunga zake. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham walisimamia majaribio ya kutengeneza picha za kuwafundisha Waafrika. Mojawapo iliitwa Gumu, nayo ilimhusu kijana wa shamba aingiaye mjini na kuangukia katika mabaya. Mwaka 1952 ikafuata Muhogo Mchungu, picha ya Kiswahili yenye vichekesho ya mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam asijue hila za watu wake. Mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mtumishi wa ustawi wa jamii aliyesoma Tabora, ambaye miaka 10 baadaye, Januari 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Uhuru haukuiondoa hadithi hiyo. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na picha yake ya katikati ya miaka ya 1970, Fimbo ya Mnyonge, ilimwonyesha mwanakijiji aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, akavunjika moyo, akarudi kujenga kijiji cha ujamaa. Kilichoonyeshwa katika kitambaa kikatendwa barabarani: mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, wasio na kazi ya kutambulika walikamatwa mijini wakapelekwa mashambani. Neno lililotumika kwao, kama lilivyotumika na wakoloni, lilikuwa wazururaji, au wahuni.

Hapo ndipo tofauti ya Awara ionekanapo. Picha za serikali, ya Mwingereza na ya Mwafrika, zilimwambia kijana mmoja neno moja: rudi nyumbani. Zilidhani kwamba nyumba ipo, mlango u wazi, na baba amekaa barazani akingoja. Awara iliuliza ni nani aliyeufunga mlango. Neno mhuni lenyewe lina historia hiyo ndani yake. Leo humaanisha mtovu wa adabu. Zamani lilimaanisha mtembezi, mtu asiye na kwao wala wa kumdai. Lugha ilianza kwa kutaja upweke, ikaishia kutaja kosa. Njia ile ile aliyopita Raj, kutoka mtoto asiye na baba hadi mwizi wa mikoba, neno hilo limekwisha ipita.

Ujiji ni mji wa kulifikiria jambo hili kuliko miji mingi. Burton na Speke walipoufikia Februari 1858 waliukuta tayari ni kituo cha misafara. Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Na katika miaka ya 1880 mtawala wake mkubwa alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza. Biashara ilikuwa pembe za ndovu, chumvi, samaki, nguo, na watu. Wenyeji walikuwa Waha wa nchi ya Bujiji. Kutoka magharibi ya ziwa waliletwa au walikuja wengine wa makabila mengi, Wabembe, Wagoma, Wabwari, Wakusu na wengineo, na jina moja la Wamanyema likawakusanya wote. Baadhi walivuka wakiwa wafanya biashara na wapagazi. Wengi walivuka wakiwa na kamba shingoni, au walikuwa watoto wa waliovuka hivyo. Utumwa ulipofutwa kisheria katika Tanganyika, mwaka 1922, walikuwapo watu wazima wasioweza kutaja kaburi la babu.

Mji wa watu kama hao ungeshika methali ya kwanza, usingekuwa mji. Ungekuwa orodha ya mashaka. Badala yake ulifanya jambo ambalo wasomi wa historia hawajalisifu vya kutosha: uliligeuza neno uungwana. Mwambaoni mwa bahari mwungwana alikuwa kwanza mtu huru wa kuzaliwa, asiye na doa la utumwa, na adabu njema ilihesabiwa kuwa tunda la kuzaliwa huko. Katika misafara ya bara neno lilibadilika mikononi mwa watu. Wapagazi na askari waliotoka pwani walijiita waungwana, ijapokuwa wengi wao walikuwa watumwa au waliwahi kuwa watumwa. Kilichowafanya waungwana ni kanzu, swala, lugha, na namna ya kumjibu mtu. Ng'ambo ya ziwa, katika Kongo ya mashariki, Kiswahili chenyewe kikaitwa Kingwana kwa sababu yao. Na katika Ujiji mtoto wa mateka aliyejifunza Kurani, akavaa safi, akasema kwa taratibu na wakubwa zake, alikuwa na njia ya kuingia katika heshima ambayo Jaji Raghunath angemfungia.

Basi neno moja la Kiswahili limezibeba methali zote mbili. Mtu akisema "fulani ni mwungwana," msikilizaji hajui kama amesifiwa babu yake au mwenendo wake. Katika picha ya Bombay jaji hutamka imani yake kama sheria ya maumbile. Katika Ujiji imani hiyo ilikuwa na majibu yaliyokwisha ishi, katika nyumba za Kasingirima na mitaa jirani, vizazi viwili au vitatu kabla ya Raj Kapoor kushika kamera.

Haifai kuupamba mji huo kupita kweli yake. Njia ya heshima ilikuwapo, lakini ilikuwa na vizuizi. Katika ugomvi wa kisima, posa na mirathi, neno la asili lilitolewa kama kisu kilichofichwa chini ya mto. Aliyeitwa Mmanyema aliweza kuitwa hivyo kwa heshima asubuhi na kwa tusi jioni. Ndiyo maana malezi yalishikwa kwa nguvu. Asiye na ukoo wa kumlinda hulindwa na adabu yake, na adabu hufundishwa. Msichana alikabidhiwa kwa kungwi au somo, ambaye hakuwa mama yake, na ambaye aliweza kumwambia yale ambayo mama huona haya kuyasema. Mvulana alikuwa na jando, chuo cha Kurani, mjomba, na kila mzee wa mtaa mwenye haki ya kumkanya. Mtoto hakuwa wa nyumba moja. Nyumba ikivunjika, zilikuwapo kuta nyingine za kumsitiri.

Raj wa Bombay hakuwa na hata ukuta mmoja. Alikuwa na mama mchovu na jambazi mwerevu. Hana kungwi, hana mjomba, hana mzee wa mtaa. Yaliyobaki ni methali ya tatu: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini picha yaisahihisha hata methali hiyo, maana mamaye alimfunza. Alimfunza usiku na mchana. Kilichokosekana ni mkate, na mafunzo yasiyo na mkate huchukuliwa na yeyote atakayekuja na mkate mkononi.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa Kiislamu wa Ujiji angeliona upesi. Jaji Raghunath, bingwa wa sheria, alimhukumu mkewe bila shahidi. Katika sheria ya Kiislamu mume amtuhumuye mkewe uzinzi asiwe na mashahidi ana njia moja tu ya wazi, nayo ni liani: aape mara nne kwamba ni mkweli, na mara ya tano ajitakie laana ikiwa ni mwongo. Kisha mke naye ana haki ya kuapa vivyo hivyo, na kiapo chake humwondolea adhabu. Ndoa huvunjika, lakini mwanamke husikilizwa. Sita, mke wa Rama katika visa vya kale vya Kihindi, ambaye picha hii yamkumbusha kwa makusudi, alipitishwa katika moto ili kutakaswa, na bado alifukuzwa. Mke wa jaji hakupewa kiapo wala moto. Alipewa mvua. Yeye aliyetumia maisha yake kuwapima watu kwa ushahidi aliipima nyumba yake kwa mnong'ono.

Hata hivyo picha ina kasoro, na kasoro yake kubwa ni katika hoja yake kuu. Ilitaka kuonyesha kwamba damu si kitu. Lakini kijana iliyemchagua kuwa shahidi ni mtoto wa jaji. Mwishoni, baada ya Jagga kuuawa, mama kufa kwa ajali ya motokaa iliyoendeshwa na mumewe, na Raj kuhukumiwa kifungo cha miaka 3, baba amtambua mwanawe na kumwita hivyo. Mtazamaji atoka akiwa amefarijika. Lakini akitafakari njiani atauliza: je, wema uliomrudia Raj ulitoka katika mapenzi ya Rita na machozi ya mama, au watazamaji wa methali ya kwanza wanaweza kusema kwamba ni damu ya jaji iliyojitokeza mwisho wa yote? Na Jagga, aliyekuwa kweli mtoto wa mhalifu, na ambaye alidhulumiwa kabla ya Raj kuzaliwa, hakupewa wakili, wala wimbo, wala toba. Amekufa jambazi. Ukimwacha Jagga nje ya huruma, methali ya nyoka bado ina mahali pa kujificha.

Raj mwenyewe, katika maneno yake ya mwisho mahakamani, yu karibu zaidi na kweli kuliko hadithi iliyomzaa. Aiomba mahakama isimfikirie yeye, iwafikirie watoto walioko mitaroni sasa, ambao hakuna jaji atakayegundulika kuwa baba yao. Hapo picha yajivuka yenyewe.

Picha za Afrika Mashariki zilizokuja baadaye zimelichukua swali hilo kwa namna zake. Nairobi Half Life ya Mkenya David Gitonga, ya mwaka 2012, ina kijana wa shamba aliyekwenda mjini kuwa mwigizaji akaangukia katika kundi la wezi. Njia yake yafanana na ya Gumu wa mwaka 1936, lakini picha haimwamuru arudi, yakaa naye. T-Junction ya Amil Shivji, iliyofungua Tamasha la Filamu la Zanzibar mwaka 2017, ina msichana Fatima, mtoto wa mama Mwafrika na baba wa asili ya Kihindi, ambaye amefiwa na baba asiyekuwa karibu naye, wala hajui aomboleze vipi. Katika picha hizo hakuna jaji wa kutoa hukumu ya mwisho. Nyumba imevunjika, na kijana hujifunza kuishi akiwa na vipande vyake.

Huko Kigoma vijana walijibu kwa njia nyingine. Muziki wa kizazi kipya ulipoanza ulishutumiwa na wakubwa kuwa ni muziki wa kihuni. Mwaka 2012 wasanii wa muziki huo wenye asili ya Kigoma, wakiwamo Ali Kiba na Diamond, waliungana kwa jina la Kigoma All Stars, wakatoa wimbo ulioitwa Leka Dutigite, jina la Kiha lenye maana ya kujivuna. Walioitwa wahuni ndio walioutangaza mkoa wao, na wazee waliokuwa wakiwakemea walionekana wakicheza.

Lakini si kila mlango umefunguka. Katika mkoa wa Kigoma swali la "wewe ni mtoto wa nani?" bado huulizwa mezani pa ofisi, wala haliulizwi kwa mzaha. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, sheria ya uraia haikutosheka na mtu kuzaliwa nchini. Ilitaka pia mzazi wake mmoja angalau awe amezaliwa nchini. Kwa miji mingi lilikuwa sharti jepesi. Kwa mwambao ambao nusu ya ukoo imelala ng'ambo ya maji, na ambao mipaka yake ilichorwa na Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza juu ya ziwa lililokuwa njia kuu ya watu, lilikuwa sharti la kumtafuta babu ambaye biashara ya utumwa ilimpoteza kwa makusudi. Manung'uniko ya watu wa Kigoma kuhusu kushukiwa uraia wao yamesemwa hadharani mara nyingi, hata bungeni. Hapana shaka kwamba nchi ina haki ya kuilinda mipaka yake. Wala hapana shaka kwamba kijana aliyezaliwa Kasingirima, akasoma Kasingirima, akasema Kiswahili kama walivyokisema wazee wake kwa zaidi ya miaka 100, akiulizwa kila mara asili ya babu yake, atajifunza kitu kutokana na swali hilo. Jagga alijifunza kitu kutokana na swali kama hilo.

Historia ya Ujiji na hadithi ya Bombay zakutana katika neno moja. Jamii humtengeneza mhuni kwa njia mbili: kwa kumnyima malezi, na kwa kumtangazia mapema kwamba malezi hayatamfaa. Njia ya kwanza ni umaskini, na umaskini huweza kusameheka. Njia ya pili ni kiburi. Wazee wa mwambao, waliokuwa na sababu nyingi za kuogopa asili za watu, walichagua kumtazama mtoto anavyoketi, anavyosalimu na anavyomega tonge, wakamwita mwungwana kwa hayo. Hawakuwa na vitabu vya sheria alivyokuwa navyo Jaji Raghunath. Walikuwa na mji wa kuujenga, nao waliujenga kwa watoto waliokuwapo.